Mwaka Bwana Shauri Alipokula Dawa

Tulimzika Masanja asubuhi, na kufikia adhuhuri tulikuwa tayari tunabishana juu yake. Mwenyewe angependa iwe hivyo. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba yake, wazee wa rika langu upande mmoja, vijana upande mwingine, na mwalimu mmoja kijana akasema, kwa uhakika wa mtu ambaye hakuwapo, kwamba marehemu alikuwa manju, kiongozi wa nyimbo za ngoma, asiyeshindika kwa sababu alikuwa na dawa kali kuliko zote za upande huu wa ziwa. Mwenzake akamkatiza: hapana, ilikuwa sauti. Ndipo Kabula, dada yake marehemu, ambaye siku hizi hutembelea fimbo na husikia yale tu anayotaka kuyasikia, akainyoosha fimbo hiyo kunielekea. "Muulizeni yule Mswahili," alisema. "Alikuwapo. Maneno yote aliyaleta yeye." Wote wakanigeukia. Nilijibu kwa ufupi, maana msibani mtu hapewi nafasi ya kusimulia apendavyo, lakini siku ya kurudi Shinyanga, tulipokwisha kupita Kagongwa, abiria mwenzangu aliniuliza kama ninajisikia vizuri. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Mwaka ninaousema ni ule niliorudi kutoka chuoni Uganda, katikati ya miaka ya thelathini. Nilivyofika huko na nani walijinyima ili nifike, hayo si ya leo. La leo ni kwamba nilirudi Shinyanga nikiwa na kichwa kilichojaa maswali kuliko majibu, na nikiwa sina kazi, maana nilikuwa bado nasubiri kupangiwa shule ya kufundisha. Kijana msomi asiye na kazi ni hatari katika mji mdogo. Nilimuuliza shehe wetu kwa nini mvua haikuja mwaka tulioiomba sana, ikaja mwaka tuliosahau. Nilimuuliza karani wa boma kodi ya kichwa hutozwaje mtu ambaye kichwa chake hakiruhusiwi kuamua kitu. Nilimuuliza muuza nguo dukani kwake, mbele ya wateja, kwa nini dhiraa yake ni fupi kuliko ya jirani. Baada ya miezi miwili watu waliokuwa wakinialika chai walianza kuniona kwa mbali na kukumbuka shughuli nyingine. Masanja, ambaye tulikuwa tumekaa dawati moja shuleni kabla hajaiacha shule kwa ajili ya pamba, alipata habari zangu huko alikohamia na wazazi wake, kijiji cha Bukolwa, kati ya machimbo ya Geita na njia ya Chato. Akanitumia salamu kwa dereva wa lori la pamba, na dereva alinifikishia kama zilivyo: "Mwambie Lajabu aje kwetu apumzike. Huko mjini watampiga."

Nikaenda kupumzika, na kwa majuma matatu ya mwanzo nilipumzika kweli, kama sijawahi kupumzika kabla wala baada. Nyumba yao ilikuwa msonge mkubwa wenye duara mbili, moja ndani ya nyingine. Ndama walilala duara ya nje, watu ya ndani, na katikati ya hao na hao palikuwa na ukuta wa fito ambao haukuzuia pumzi ya upande wowote. Kulikuwa na giza la namna yake humo ndani, giza lenye harufu ya moshi, maziwa na ngozi, na ukiingia kutoka juani ulisimama kwanza, ukangoja vitu vikutokee kimoja kimoja: kwanza vibuyu vya maziwa vilivyoning'inia, halafu kitanda, halafu Mama Masanja aliyekuwa amekwisha kukuona zamani na anakucheka. Mavuno yalikuwa yamekwisha. Asubuhi tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, pamoja na karanga. Mchana ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Jioni ugali tena, na mlenda, na maneno. Nilikula mpaka shati langu la chuoni likanikataa. Hakuna aliyeniuliza nitapata kazi lini. Waliniuliza kama Uganda wana ng'ombe wenye pembe ndefu kweli, na nilipojibu ndiyo, Mzee Luhende, baba yake Masanja, alisikitika kama mtu aliyesikia jirani amepata utajiri asioustahili.

"Shikamoo, Mzee," nilimwambia kila asubuhi.

"Marahaba, Mswahili wetu. Umelala na ndama au umelala na watu?"

"Nimelala na wote, Mzee."

"Basi umekuwa Msukuma. Bado lugha tu."

Lugha yangu ya Kisukuma ilikuwa ya sokoni. Niliweza kununua kuku lakini nisingeweza kumposa binti. Hata hivyo nilisikia zaidi ya walivyodhani, na alfajiri moja, nikiwa bado kwenye ngozi yangu upande wa ndama, nilisikia kupitia fito mazungumzo ya mume na mke.

"Mwaka jana umati ulimwacha mwanao akiimba peke yake kama kichaa," alisema Mzee Luhende. "Akiachwa tena, ile ngoma naipasua, tuipikie uji."

"Ngoma si yako," alisema Mama Masanja.

"Ngozi ni ya ng'ombe wangu."

"Na sauti?"

"Sauti hiyo hakuitoa kwetu. Ni ya ndugu zako, wapiga kelele."

Jambo lenyewe nilikuwa nalijua nusu nusu, na siku ile nikamwomba Masanja anieleze lote. Tulikuwa tumelala chali kando ya mashina ya pamba yaliyong'olewa. Kila baada ya mavuno, aliniambia, vikundi vya ngoma hushindana. Wagika, chama kimoja cha wacheza ngoma, hucheza upande huu wa uwanja, Wagalu, mahasimu wao, upande ule, wakati mmoja, ngoma zote zikilia kwa pamoja, na hakuna mwamuzi. Umati ndio mwamuzi. Watu wana miguu. Wakikupenda wanakuja kwako, wakichoka nawe wanahamia kwa mwenzako, na siku nzima umati huo humwagika huku na huko kama maji kwenye sinia, mpaka jioni ambapo kila mtu anaona wamebaki wapi. Yeye alikuwa manju wa kikundi cha Wagika. Manju wa Wagalu aliitwa Shigela, mtu mkubwa mwenye meno mazuri, na mwaka uliotangulia Shigela alikuwa ameusomba umati wote, akambakizia Masanja mama yake, dada yake na mbwa.

"Nikishindwa tena, sina kikundi," alisema Masanja. "Vijana wangu wameshaniambia. Wengine watakwenda kwa Shigela, wengine watashuka machimboni. Nitabaki na pamba."

"Pamba ina ubaya gani?"

Alifikiri. "Pamba haiitikii," alisema.

Nilikuwa na maswali tayari: kwa nini mtu mzima mwenye shamba na afya apime uhai wake kwa miguu ya watu wasiomjua? Sikuyauliza. Namna alivyosema lile neno moja ilinifunga mdomo, jambo ambalo maprofesa hawakuliweza.

Shigela mwenyewe tulikutana naye njiani siku chache kabla ya shindano, akiwa na wafuasi wake wakitoka kisimani. Alisimama, akaniangalia kuanzia viatu mpaka miwani.

"Masanja! Nasikia umeleta msomi."

"Amekuja kupumzika."

"Afadhali. Watu wako ni wachache, hawatamchosha kuwahesabu."

Wafuasi wakacheka. Masanja akajibu, "Wewe umenenepa, Shigela. Watu wakikuzunguka mwaka huu watataka nauli." Wakacheka tena, hata wa Shigela, lakini tulipokwisha kuachana Masanja aliharakisha hatua mpaka nyumbani, akaniacha nyuma.

Siku moja kabla ya shindano alikuja mganga wa kikundi, mzee mwembamba aliyevaa koti la jeshi lisilo na vifungo. Alisaga mizizi yake, akaichanganya na unga wa mtama na magadi mengi, akaitandaza kwenye ungo juu ya kichanja ikauke. Alasiri wachezaji wangeilamba na kujipaka usoni, na kesho yake umati usingeweza kuwaondolea macho. Nilikaa karibu naye kama nzi.

"Mzee," nilimwuliza, "Shigela naye si ana dawa ya kuvuta watu?"

"Anayo."

"Na ninyi mnayo. Sasa mtu akivutwa huku na kuvutwa huku, si atapasuka katikati?"

Mganga hakuinua macho. "Ndiyo. Wewe utasimama hapo katikati utuokotee vipande."

Kikundi kizima kilicheka, nami nikacheka kwa kuchelewa. Alipomaliza alinywa maziwa, akaagiza mtu asiiguse dawa, akaondoka kwenda kuwahudumia Wagika wengine mbali huko, mwendo wa siku nzima.

Sasa nimtaje Bwana Shauri. Huyu alikuwa maksai wa Mzee Luhende, mweupe, mwenye nundu kama kilima na pembe zilizofunguka kama mikono ya mtu anayeuliza kosa lake ni nini. Walimwita hivyo kwa sababu alitembea polepole, alitazama watu bila kuwaona, na popote alipopita wengine walisogea. Wazungu wa serikali waliokuja kijijini kusikiliza mashauri, ambao kila mmoja aliitwa Bwana Shauri, walikuwa na mwendo huohuo. Mzee alimpenda kuliko alivyofikiri watu wanajua. Mchana ule mtu hakurudisha vizuri miiba ya mlango wa zizi, na ng'ombe yeyote wa nchi ile atakwambia kuwa hakuna harufu tamu kama magadi.

Kabula ndiye aliyepiga yowe. Tulitoka mbio, tukamkuta Bwana Shauri amesimama kwenye kichanja, mtulivu, amekwisha kulamba dawa yote na sasa anatafuna ukingo wa ungo.

Mchezaji mmoja aliketi chini papo hapo, akaanza kufungua njuga miguuni. Mwingine akasema basi, yeye asubuhi anakwenda Geita kuandikishwa machimboni. Wa tatu alisema yeye alishaota hivi hivi. Masanja alisimama na mikono kichwani, hakumtazama mtu, na nikaona mwaka wake wote unamwagika mbele yake. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Niseme wazi nilikusudia nini: nilitaka kuiua imani ile kwa hoja, pale pale, wakati imeanguka, ili wacheze kesho kama watu huru.

"Hebu tuulizane," nilisema. "Dawa ile kazi yake ni nini?"

"Kuvuta watu," alijibu yule wa njuga, kwa uchovu.

"Inafanya kazi ikiwa wapi?"

"Ikiwa mwilini mwa mchezaji."

"Na sasa imo mwilini mwa nani?"

Nilingoja wacheke. Hawakucheka. Waligeuka wote kwa pamoja, polepole, wakamtazama Bwana Shauri, naye akawatazama, akitafuna.

"Kweli kabisa," alisema Masanja.

"Natania, Masanja."

"Najua unatania. Lakini ni kweli." Yule mchezaji alikuwa ameanza kufunga njuga zake upya. Nimefundisha hesabu na hoja kwa zaidi ya miaka thelathini tangu siku ile, na mara nyingi nimewaambia wanafunzi kwamba hoja nzuri ni kama ng'ombe: ukishaifungulia, haikuulizi ulitaka iende wapi. Wanadhani ni methali ya Kisukuma.

Ilibaki kumpata mchezaji mwenyewe, na mwenye mchezaji alikataa. Mzee Luhende aliporudi akasikia, alicheka kwanza, kisha alipoona hatucheki alikasirika.

"Maksai wangu si mpiga ngoma. Mtoto wangu mmoja ameshapotea huko. Wawili hapana!"

"Baba, nusu siku tu," alisema Masanja.

"Macho ya watu wote wale juu yake? Atakonda mbele yangu. Na Shigela ana watu wabaya. Sitaki. Nendeni na mbuzi."

"Mbuzi hakula dawa, baba."

"Mlisheni magadi!"

Mama Masanja alikuwa mlangoni akipepeta mtama. Hakuinua sauti. "Baba Masanja," alisema, "kila jioni ukifunga zizi unamwimbia huyo ng'ombe. Unadhani hatusikii. Unamwita radi, unamwita mlima, unamwita bwana harusi." Mzee aligeuka kama mtu aliyekamatwa. "Sasa kama sifa hizo ni za kweli, zisemwe mbele ya watu. Na kama ni za uongo, niambie mimi, nijue nimeolewa na nani." Akaendelea kupepeta. Mzee Luhende alimtazama mkewe, akatutazama sisi, akaenda zizini. Usiku huo tulilala bila kujua kama amekubali.

Uwanja wa shindano ulikuwa ule wa gulio, na asubuhi ile ulikuwa umejaa watu kutoka kila upande: wakulima na wake zao, wachuuzi wa samaki kutoka ziwani, wafanyakazi wa machimbo waliopewa mapumziko, hata wauzaji wa nguo kutoka mbali. Ngoma zilipoanza, umati ulikwenda kwa Shigela kana kwamba ardhi imeinama. Alikuwa na sanamu la mti lililovalishwa nguo, ukubwa wa mtu, lenye kamba kwa ndani. Shigela akiimba, sanamu liligeuza kichwa na kupunga mkono. Hata mimi nilitamani kulitazama. Upande wetu walisimama jamaa na majirani, na Masanja aliwaimbia kana kwamba ni maelfu, jasho likimtiririka, sauti yake ikiwa safi na juu, na kila alipomaliza ubeti alitupia jicho lile pengo lililozidi kupanuka kati yake na watu. Mchezaji mmoja alikuwa ameshaanza kuchezea mguu mmoja. Nilimsogelea Kabula.

"Baba yako atakuja?"

"Alfajiri alikuwa anampaka siagi kwenye pembe," alisema Kabula. "Mtu hapaki ng'ombe siagi ili abaki nyumbani."

Wakaja jua likiwa utosini. Mzee Luhende alitangulia akiwa na mkuki na shuka jipya, na nyuma yake, bila kamba, alikuja Bwana Shauri: pembe zinang'aa, shanga za Kabula shingoni, njuga zikilia kwa hatua ya mtu asiye na haraka. Mfanyakazi mmoja wa machimbo pembeni mwa umati wa Shigela aliuliza kwa sauti, "Ni nani huyo anayekuja?" Kabula, ambaye alikuwa akilisubiri swali hilo tangu asubuhi, akapaza sauti iliyofika hadi ziwani: "Bwana Shauri!"

Nchi ile kwa wakati ule, jina hilo halikuweza kutamkwa gulioni bila vichwa kugeuka. Mia walikuja kuona Mzungu. Walipoona nundu na pembe walipasuka kwa kicheko, na kicheko kile kikawaita wengine mia. Bwana Shauri aliingia katikati ya duara letu, akasikia ngoma karibu, akasimama. Akakataa kwenda mbele, akakataa kurudi. Mzee alimwambia kitu sikioni. Maksai akatazama umati bila kuuona, akapanua miguu ya nyuma, akakojoa, kwa wingi na kwa utulivu, mbele ya watu wote wale. Nilifumba macho. Nilidhani yamekwisha. Ndipo nikamsikia Masanja, bila kupoteza pigo moja la ngoma, akidaka:

"Mvua imenyesha kwetu, jirani, leta jembe!"

Na kikundi kikaitikia, "Leta jembe!" Na umati, bila kuambiwa na mtu, ukaitikia. Kicheko na wimbo vilichanganyika hata usijue kipi ni kipi. Mzee Luhende alikuwa amesimama katikati ya yote hayo, mtu asiyependa ngoma, mkuki umemlegea mkononi. Akainua kichwa na kuanza kumsifu ng'ombe wake. Alianza chini chini, kama zizini. Radi isiyonyesha. Mlima unaotembea. Bwana harusi wa malisho. Masanja aliinamisha sikio, akachukua kila sifa ilipotoka mdomoni mwa baba yake, akaipandisha juu kwa sauti yake, akaigeuza wimbo, akaurusha kwa watu, nao wakaurudisha. Baba akitoa, mwana akipokea, uwanja ukiitikia. Sijui walizoea wapi. Najua kwamba walikuwa hawajawahi kuimba pamoja hata siku moja.

Mpaka leo wananiuliza ilikuwa nini: dawa, au jina, au mkojo, au sauti. Nimejaribu kuyapanga kama nilivyofundishwa, kuondoa moja nione kama mengine yanasimama. Nikiiondoa dawa, ng'ombe haji uwanjani. Nikimwondoa ng'ombe, mzee haji. Nikimwondoa mzee, inabaki sauti nzuri inayoimbia majirani. Nimeshindwa kupata uzi wa kuukata, na ni swali pekee maishani mwangu ambalo kutolijibu kunanifurahisha.

Siku ile sikupanga chochote. Nilikuwa naruka na njuga za mtu mwingine mguuni, miwani yangu iko mkononi mwa Kabula, naitikia maneno ambayo nusu yake siyajui. Umati ulikuwa umetuzunguka safu kwa safu mpaka nyuma ikabidi watu wabebane mabegani. Vijana wa Masanja walicheza kama waliozaliwa upya. Yule wa Geita alikuwa mbele ya wote. Kisha nikasikia kitu kimepungua hewani, nikachukua muda kutambua ni nini: ngoma za upande wa pili zilikuwa zimenyamaza. Nikageuka. Lile sanamu lilikuwa limeegemezwa kwenye mti, mkono wake umebaki juu, na Shigela alikuwa anakuja, peke yake, akipasua umati kwa mabega yake mapana. Watu wakanyamaza kwa hofu, lakini Masanja hakuacha kuimba. Shigela alifika safu ya mbele, akasimama nyuma ya mwanamke mfupi aliyembeba mtoto, akanyoosha shingo, na bado hakuona vizuri.

"Sogeeni kidogo, jamani," alisema. "Nami nione."